Wapagazi wa Vita na Unga wa Mahindi

Katika Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Afrika Mashariki waliuawa zaidi na maradhi kuliko risasi: kuhara damu, malaria, nimonia. Chakula chenyewe kiliwadhuru. Aliyezoea matoke alipewa unga wa mahindi, tena uliopikwa nusunusu, tumbo likamwasi. Mwaka 1917 Uganda iliunda kikosi cha wahudumu wa tiba Waafrika, wakiwamo vijana waliosoma shule za misheni. Hata hivyo, miongoni mwa wagonjwa walioruhusiwa kurudi makwao, wapo waliofia njiani. Na ujira wa marehemu wengi haukuzifikia familia zao, jambo ambalo mimi naliona zito kuliko yote. Jina la jeshi hilo la wapagazi, Carrier Corps, ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam.