Hesabu ya Mwezi wa Nane: Ndugu wa Pakomi na Sanduku Lao la Pamoja



Mwaka unapokwisha, kila kikundi cha parokia hukutana na maswali yale yale: sandukuni kuna kiasi gani, nani alitoa mchango wake na nani hakutoa, na fedha zilikwenda wapi. Tumezoea kuyaona maswali hayo kuwa ya dunia hii, ya kumalizwa upesi kabla ya sala ya kufunga mkutano. Mara nyingi huacha uchungu mioyoni, na kuna vikundi ambavyo havikukutana tena baada ya siku hiyo. Ndiyo sababu tumependa kuwaletea habari za Waafrika wenzetu wa karne ya nne, ambao waliishi kwa kidogo sana, tena kwa pamoja, na ambao siku yao ya kutoa hesabu ya mwaka ilikuwa pia siku ya kusameheana. Ni wamonaki wa Mtakatifu Pakomi, katika Misri ya Juu, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 9 Mei.

Pakomi alizaliwa karibu na mwaka 292, katika familia isiyomjua Kristu. Alipokuwa na umri wa miaka ishirini hivi, alikamatwa pamoja na vijana wengine ili wafanywe askari wa Dola la Roma. Twajua katika nchi yetu maana ya kijana kuchukuliwa kwa nguvu na kupewa silaha. Hatuna haja ya kueleza. Walipakiwa katika mashua, wakateremshwa kwa mto Nile, na walipofika Thebes wakafungiwa ndani. Usiku ule, wenyeji wa mji waliwaletea chakula na maji. Pakomi akauliza ni watu gani hao wanaowahurumia wageni wasiowajua. Akajibiwa kwamba ni Wakristu. Basi mkate ulimfikia kabla ya katekisimu. Papo hapo aliahidi kwamba, Mungu akimtoa katika kifungo kile, atawatumikia wanadamu siku zote za maisha yake.

Alipoachiliwa alibatizwa, akakaa miaka kadhaa chini ya mzee mmoja mkaa pweke aitwaye Palamoni, ambaye alimfundisha kukesha, kufunga na kufanya kazi ya mikono. Kisha, karibu na mwaka 320, akajenga makao huko Tabennisi, kijiji kilichokuwa kimeachwa kando ya mto.

Mwanzo wake ulikuwa wa kushindwa, na twafurahi kwamba waandishi wa maisha yake hawakuficha jambo hilo. Watu wa kwanza waliokuja kukaa naye walifuata utaratibu ambao vijana wa leo wangeutambua mara moja: kila mmoja alibaki na mapato yake mwenyewe, akatoa sehemu fulani kwa ajili ya chakula, naye Pakomi akapokea, akanunua, akapika, akawahudumia wote. Alidhani kwamba unyenyekevu wake utawafundisha. Badala yake walimfanya mtumishi wao, wakamdharau, wakamcheka. Alivumilia kwa miaka, halafu akawafukuza. Kilichovunja jumuiya ile ya kwanza hakikuwa umaskini. Mchango ulikuwapo na chakula kilikuwapo. Lakini kila mtu alikuwa na mfuko wake, na mzigo wa wote ulikuwa juu ya mtu mmoja.

Safari ya pili alianza kwa namna nyingine. Aliyeingia hakubaki na kitu cha kwake. Kadiri Mtakatifu Jeromu anavyotueleza, yeye aliyeitafsiri kanuni yao kwa Kilatini mwaka 404, kila ndugu alikuwa na kanzu mbili za kitani zisizo na mikono, na ya tatu iliyochakaa kwa ajili ya kazi na usingizi. Alikuwa pia na ngozi ya mbuzi, kofia mbili, mshipi, viatu na fimbo. Ndugu waligawanywa katika nyumba nyumba, na kila nyumba ilikuwa na mkuu wake na msaidizi wake. Vitabu vilikuwa vya wote, vikawekwa katika shubaka la ukuta, na kila jioni vilihesabiwa. Tena kila aliyeingia alipaswa kujifunza kusoma, hata kama hakutaka. Kwa watu walioishi kwa kusuka kamba na mikeka, hilo lilikuwa jambo kubwa: walibana matumizi ya mavazi na chakula, lakini hawakubana matumizi ya akili.

Kazi yao kubwa ilikuwa ya matete ya mto Nile. Waliyaloweka, wakasuka kamba, mikeka na vikapu, vikauzwa ili kununua ngano na mahitaji mengine. Kanuni ilidai kwamba kila mwisho wa juma idadi ya kamba zilizosukwa iandikwe katika vibao, na vibao vitunzwe mpaka mkutano wa mwaka. Makao yalipoongezeka, hata Pakomi alipofariki yalikuwa tisa ya wanaume na mengine ya wanawake, kila makao yalikuwa na msimamizi wa mali, na juu yao wote palikuwa na msimamizi mkuu huko Pbow, ambako hesabu zote zilipelekwa. Makao ya kwanza ya wanawake yaliongozwa na Maria, dada yake Pakomi. Ndugu waliwapelekea sufu na kitani, nao wakawafumia mavazi. Kwa usafirishaji, jumuiya nzima ilikuwa na mashua mbili tu. Mzikumbuke mashua hizo, maana tutazirudia.

Palladius, mwandishi aliyewatembelea baadaye katika makao ya Panopolis, alihesabu washonaji 15, wahunzi 7, maseremala 4, waongoza ngamia 12 na wafua nguo 15. Kilichozidi kililisha pia makao ya wanawake na wafungwa waliokuwa magerezani. Mgeni huyo alishangaa kuona wanafuga nguruwe, akawalaumu, kwa kuwa aliona haiwafai watu wa sala. Wakamjibu kwa utulivu kwamba nguruwe hula makapi na mabaki ya mboga ambayo yangetupwa. Kwamba nyama huuzwa. Na kwamba miguu yake hupewa wagonjwa na wazee. Jibu hilo latupendeza kuliko mahubiri mengi, kwa kuwa linaonyesha watu waliojua kila kitu kinakotoka na kinakokwenda, hata kwato za nguruwe.

Lakini mtu asidhani kwamba kwa Pakomi kila ubanaji ulikuwa fadhila. Kuna kisa ambacho wengi wetu hushtuka wakikisikia mara ya kwanza. Pakomi alikuwa safarini, akirudi katika mojawapo ya makao yake, na mtoto mmoja kati ya waliolelewa pale akamkimbilia na kumlalamikia: tangu ulipoondoka, Baba, hawajatupikia mboga. Pakomi akamwita mpishi. Mpishi akajieleza vizuri sana. Alisema kwamba ndugu wengi hufunga na kukiacha chakula kilichopikwa, hivyo mafuta na kuni hupotea bure; basi aliona heri awawekee vitu vya chumvi visivyopikwa, na muda wake autumie kusuka mikeka. Ni mikeka mingapi, akaulizwa. Mia tano. Pakomi akaamuru iletwe yote, akaichoma moto mbele ya macho yao.

Mtu wa hesabu ataguna hapa. Mikeka 500 ni mali, ni ngano ya siku nyingi kwa jumuiya maskini. Kwa nini isiuzwe, mpishi akaonywa tu? Sisi wenyewe tulibishana. Lakini sababu aliyoitoa Pakomi ni nzito. Ndugu anayeiacha mboga iliyowekwa mbele yake hutoa sadaka. Ndugu asiyewekewa mboga hana cha kutoa, amenyimwa tu. Na wale wasioweza kufunga, yaani watoto, wagonjwa na wazee, mpishi aliwaingiza katika mfungo wake bila kuwauliza. Faida ile ilitoka matumboni mwao. Nadhani, na hapa tunasema kama watu waliowahi kushika sanduku la kikundi, kwamba kosa la mpishi ndilo rahisi kuliko yote: kuonekana umeokoa fedha, huku aliyelipa ni yule asiye na sauti mkutanoni. Kama mtoto yule asingethubutu kusema, vibao vya mwaka ule vingeonyesha ushindi.

Kisa cha pili ni cha mwaka wa njaa. Ngano ilikuwa imekwisha, na Pakomi akamtuma ndugu mmoja kwenda kununua, akiwa na sarafu za dhahabu 100. Sokoni, sarafu moja ilipata vipimo vitano hivi vya ngano. Lakini ndugu huyo alikutana na ofisa mcha Mungu aliyetunza ngano ya serikali, ambayo isingedaiwa mpaka wakati wa mavuno. Kwa heshima ya wamonaki, ofisa alimuuzia vipimo kumi na vitatu kwa sarafu moja, hata akamruhusu achukue zaidi na kulipa baadaye. Ndugu akajaza mashua, akarudi kwa shangwe. Ni nani kati yetu asingemshangilia?

Pakomi alipopata habari alikataza hata punje moja isiingie nyumbani. Alisema ndugu huyo ametenda vibaya kwa tamaa, akaifanya jumuiya nzima kuwa watumwa wa deni. Na kama mashua ingezama njiani, tungelipa kwa nini? Akaagiza ngano ile iuzwe kwa watu kwa bei ile ile ya chini, ofisa arudishiwe chake, na kwa fedha za jumuiya inunuliwe ngano kwa bei ya soko kama watu wote walivyonunua. Ndugu yule hakutumwa tena. Sisi tunaocheza likelemba, na tunaojua jinsi mkopo wa mmoja unavyogeuka kuwa deni la kikundi kizima, twaweza kuelewa hofu yake juu ya deni. Lililo gumu zaidi ni lile jingine: kwamba alikataa kushiba kwa bei ambayo jirani zake wenye njaa hawakuipata.

Aliyechukua nafasi yake alipelekwa kuuza viatu, akarudi na fedha nyingi kupita bei aliyoambiwa, kwa kuwa wanunuzi waliona bei ile ni ndogo mno wakadhani viatu vimeibwa, naye kwa aibu akawaambia watoe wapendavyo. Pakomi akamrudisha sokoni awatafute na kuwarudishia kilichozidi. Kazi ya ununuzi na uuzaji katika jumuiya ile, twakiri, haikuwa nyepesi.

Ndipo ulipofika mwezi wa Misri uitwao Mesore, ambao kwetu ni Agosti. Ndugu wa makao yote walikutana Pbow. Vibao vya kamba vililetwa, kila msimamizi akaeleza alichopokea na alichotumia, na viongozi wa mwaka uliofuata wakateuliwa. Katika mkutano huo huo ndugu walisamehewa makosa yao, na waliogombana wakapatanishwa. Kanuni inayataja mambo hayo mawili kwa sentensi moja, hesabu na msamaha, kana kwamba hayawezi kutenganishwa. Twaona hekima yake tukikumbuka mikutano yetu: nani atasema kweli juu ya fedha iliyopungua, ikiwa anajua kwamba hakuna atakayemsamehe? Na msamaha utakuwa wa nini, ikiwa vibao havikusomwa?

Mwaka 346 tauni iliingia katika makao, ikawaua ndugu wengi. Pakomi naye aliugua siku nyingi. Kwa kuwa mwili wake ulikuwa umedhoofika na blanketi yake ilimlemea, mwanafunzi wake Teodori alikwenda kwa msimamizi akamletea nyepesi na nzuri. Mgonjwa aliitazama, akaikataa, kwa kuwa wagonjwa wengine hawakuwa na kama hiyo. Teodori akaiondoa, akamletea nyingine iliyochakaa. Alifariki tarehe 9 Mei.

Baada yake mambo hayakubaki yalivyokuwa. Kazi ya pamoja na matumizi madogo huzaa akiba, na akiba ilizaa mashamba, na mashamba yakahitaji wanyama na mashua. Zile mbili hazikutosha tena; kila makao yakajijengea yake. Mkuu mmoja wa makao, Apolonio, alipokaripiwa kwa kujinunulia vitu visivyo vya lazima, aliwatoa watu wake katika ushirika. Orsiesi, aliyekuwa kiongozi wakati huo, aliona hawezi kuushika umoja, akamwachia Teodori nafasi. Teodori alikwenda huku na huko kwa subira mpaka akampatanisha Apolonio na ndugu zake. Mashamba na mashua hakuweza kuyarudisha nyuma. Wamonaki wa mwanzo walikosa ngano. Hawa walikuwa na ngano, na muda wao wa sala ukaliwa na utunzaji wa mali.

Katika miaka yake ya mwisho, alipoona wingi wa mashamba, mifugo na vyombo vya majini, Teodori alifunga, akavaa gunia, na usiku akapanda mlimani walikozikwa ndugu. Mmoja wa wamonaki alimfuata kimya kimya, akajificha, akamsikia akimlilia Mungu gizani kwa ajili ya jumuiya. Alifariki mwaka 368, siku chache baada ya Pasaka, na Orsiesi akazichukua tena hesabu.