"Free" ni huru au ni bure? Waulize Wafini

Nimekuwa kimya, si mnajua tena mambo ya mazoezi ya kufundisha.

Juzi nikiwa kidato cha pili niliandika ubaoni "free", nikasema kwa kujiamini kabisa: maana yake bure. Dogo mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo Tanganyika ilikuwa bure mwaka 1961?" Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, ila moyoni niliumia. Nilikuwa nimewafundisha nusu ya neno.

Jioni nikamsimulia jamaa yangu wa hosteli anayesoma kompyuta. Akasema hilo neno limewasumbua hata watu wa fani yake, na kwamba anayelielewa vizuri ni Mfini. Basi nikaingia kupekua.

Kumbe kwa Kifini huwezi kubabaisha. Mtu huru ni "vapaa", na kiti kisicho na mtu ni "vapaa" vilevile. Kisicholipiwa ni "ilmainen", neno lililotokana na "ilma", yaani hewa. Kisicho na sukari ni "sokeriton", unaongeza kiambishi tu mwishoni. Mwingereza kote huko anapita na "free" yake moja.

Sasa historia yenyewe. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa programu za kompyuta ambazo zingekuwa "free". Alimaanisha uhuru: uzisome, uzibadilishe, uwagawie wenzako. Wengi wakasikia bure, naye akabaki kufafanua miaka nenda miaka rudi.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki (mwanafunzi kama sisi!), akatoa Linux. Leseni yake ya kwanza ilikataza kutoza hela yoyote, hata gharama ya kunakili. Yaani ukinunua disketi ukawanakilia wenzako, hasara ni yako. Kwa Kifini tungesema ilikuwa ilmainen, lakini haijawa vapaa sawasawa. Mwanzoni mwa 1992 akahamia leseni ya GPL, ile ya Stallman. Hapo kuuza ikawa ruksa, mradi usimnyime mnunuzi haki zilezile ulizopewa wewe. Ajabu eeh? Ilipoacha kulazimishwa kuwa bure, ndipo ikawa huru.

Mwaka 1998 Waingereza na Wamarekani wenyewe wakaanza kutumia jina jingine, "open source", sababu mojawapo ikiwa huo utata wa "free". Sisi Waswahili tuna "huru" na "bure" tangu zamani, na programu hizo tunaziita huria. Halafu mimi, mwalimu mtarajiwa, nikavichanganya ubaoni!

Jumatatu narudi kufuta lile "bure" langu. Nitaanza kwa kumshukuru yule dogo, tena mbele ya darasa zima.