Mkokota Mpira

Kiungo amepokea mpira katikati ya uwanja, ameinua kichwa, ameona mbele peupe, ameanza kwenda nao miguuni. Tumwiteje?

Wengi husema mwenye mpira. Ni sahihi, lakini hata kipa aliyeukumbatia ni mwenye mpira, na hata beki aliyesimama tu akitafuta wa kumpasia. Jina la mbebaji mpira silikubali kabisa. Anayebeba huinua kitu kutoka chini. Linafaa raga, ambako mpira hupakatwa. Katika kandanda, anayeruhusiwa kuudaka ni kipa pekee, tena ndani ya eneo lake la penalti.

Watangazaji wa redio walishatupatia jawabu zamani: anaukokota. Basi huyu ni mkokota mpira. Atakayesema kwamba kukokota ni kuvuta, ilhali mpira husukumwa, ana hoja. Lakini mkokoteni wenyewe, ukipanda mlima kutoka soko la Gakoromone mjini Meru, huvutwa na kusukumwa, na jina halibadiliki.

Mkokota mpira si lazima awe mpiga chenga. Chenga humlenga mtu. Kukokota hulenga nafasi. Mchezaji aweza kuukokota mita 30 asimpite yeyote. Watakwimu wa kampuni ya Opta huanza kuhesabu kukokota mpira ukisogezwa mita 5.

Kazi yake hasa ni kumtia beki njia panda. Beki akimjia, anamwacha mshambuliaji aliyekuwa akimkaba. Akibaki, lango linakaribiwa. Ndiyo maana mkokota mpira mzuri haharakishi pasi: humngoja beki atoke, ndipo auachie. Penye nafasi huutanguliza mbele. Akikaribiwa huurudisha karibu na mguu. Kiungo Mousa Dembélé aliifanya kazi hii kwa ustadi mkubwa pale Tottenham, na Victor Wanyama wetu, aliyejiunga na klabu hiyo mwaka 2016, alikuwa kiungo wa kukaba aliyelinda nafasi iliyobaki nyuma.

Ulinzi huo una uzito zaidi katika uwanja wa Kinoru, hapo Meru. Uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na pumzi huisha upesi. Aliyekokota mpira mbali akapokonywa huchelewa kurudi. Kocha akimruhusu hata beki wa kati apande na mpira, amtaje kabisa kiungo atakayeshuka kuziba pengo lake.