Shukrani Katika Mji wa Maziko

Leo tutafakari agizo la Mtume Paulo katika 1 Wathesalonike 5:18, kwamba tushukuru katika kila jambo. Agizo hili ni jepesi ghala ikiwa imejaa. Lakini aliyefiwa atashukuruje? Natusikie habari za mchungaji mmoja wa zamani aliyelijibu swali hili kwa maisha yake.

Jina lake Martin Rinkart. Alizaliwa mwaka 1586 katika mji mdogo wa Eilenburg, huko Ujerumani. Mwaka 1617 alirudi kuwahudumia watu wa mji wake, na mwaka uliofuata vikazuka vita vilivyodumu miaka 30. Kwa kuwa Eilenburg ulizungukwa na ukuta, wakimbizi walikimbilia humo wakasongamana. Na penye msongamano na njaa, maradhi hayakawii.

Mwaka 1637 tauni iliingia. Mkuu wa wachungaji aliuhama mji, akakataa kurudi. Wengine wawili wakafa, na Rinkart akawazika. Akabaki peke yake. Siku nyingine alizika watu 40, hata 50. Jumla yao ilipita 4,000. Mwezi wa Mei mwaka huo alimzika na mkewe.

Baada ya tauni ikaja njaa kali, watu wakagombania mizoga barabarani. Rinkart aligawa alichokuwa nacho, akakopa kwa kuweka rehani mapato yake ya mbele ili wanawe wapate mkate na nguo. Tena jeshi la Uswidi likaudai mji thaler 30,000. Akatoka kumsihi mkuu wa jeshi, akakataliwa. Aliporudi aliwaita watu wake wapige magoti pamoja, maana kwa wanadamu hapakuwa na huruma. Hatimaye dai lile likapunguzwa hata florini 2,000.

Sasa, ndugu zangu, mtu huyu ndiye aliyetunga wimbo wa shukrani ambao Wakristo wa mataifa mengi huuimba hata leo. Aliutunga uwe sala ya mezani, akifuata maneno ya kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 50. Johann Crüger aliuchapa katika kitabu chake cha nyimbo mwaka 1647, na amani haikupatikana mpaka 1648. Basi wimbo huo haukungoja taabu iishe.

Twajifunza nini? Kwanza, Paulo hakusema tushukuru kwa ajili ya kila jambo, bali katika kila jambo. Rinkart hakuishukuru tauni. Kwa hiyo tukienda matangani tusimkaripie mjane kwamba analia. Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Machozi na shukrani vyaweza kukaa katika moyo mmoja.

Pili, shukrani ya kweli ina mikono. Aliyemshukuru Mungu kwa mkate ndiye aliyeumega mkate wake kwa wenye njaa. Kama twaimba Jumapili ya mavuno, na jirani yetu amelala bila chakula, wimbo wetu una kasoro.

Tatu, shukrani huanzia mezani. Sala fupi juu ya sufuria ya ugali na sukuma wiki yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomfundisha mtoto kwamba kila kitu kimetoka kwa Baba. Siku ya msiba haifundishi mtu kushukuru. Humkuta na alichojifunza zamani. Bwana Yesu, usiku ule aliosalitiwa, alitwaa mkate akashukuru, naye akijua msalaba u mbele yake. Kila tunapoikaribia Meza yake twashiriki shukrani iliyotolewa usiku wa taabu.

Pengine wewe unayesikiliza mvua imekukosa, au karo imekushinda, au mgonjwa yumo nyumbani. Usimfiche Mungu uchungu wako. Mwambie yote. Kisha, kabla hujalala, taja jambo moja tu alilokutendea leo, umshukuru.

Natuombe. Ee Bwana, uliyeshukuru usiku wa mateso yako, utufundishe kukushukuru katika mateso yetu, na kumkumbuka aliye na haja kuliko sisi. Amina.