Henza Msituni

Neno antena lina asili ya baharini. Kwa Kilatini lilikuwa jina la mti wa mshazari unaobeba tanga, yaani foromali. Katika karne ya 15 Theodorus Gaza, akitafsiri vitabu vya Aristotle kuhusu wanyama, aliwapachika wadudu neno hilo, kwa sababu Kigiriki kilitumia neno moja kwa pembe za mdudu na kwa foromali. Watu wa redio walilikuta lina maana mbili, wakaongeza ya tatu. Sisi foromali tunayo tangu zamani, na mdudu tumempa kipapasio. Redio ndiyo tuliyoiazimia, kwanza eriali, kisha antena.

Kuazima si kosa. Ninacholalamikia ni kwamba tukishapata jina la chombo huona kazi imekwisha, na orodha zetu za istilahi hujaa nomino za vipuri. Antena ndefu inayopita msituni haiishi kwa nomino. Inaishi kwa vitenzi vya anayeitunza, na vitenzi hivyo tunavyo. Vimetawanyika tu kwa mabaharia, kwa mafundi wa laini za umeme na kwa wakulima, ambako waandishi wa kamusi za fizikia hawafiki.

Nichukue mfano wa mbali. Kaskazini mwa Ufini, katika wilaya ya Inari, wapenzi wa redio hujifungia kwenye vibanda vya mbao kuanzia majira ya vuli hadi katikati ya baridi, wakisaka stesheni za masafa ya kati kutoka Amerika Kaskazini na visiwa vya Pasifiki. Huko wakati wa baridi kuna majuma ambayo jua halichomozi kabisa. Tabaka la anga ambalo mchana hufyonza mawimbi ya kati linafifia, na kituo kidogo cha mji mdogo wa Marekani kinaweza kusikika kati ya mikwaruzo. Ili kukinasa, watu hawa hutandaza nyaya katikati ya misonobari, nyingine zikikaribia urefu wa kilomita 1.

Aina wanayoipenda huitwa antena ya Beverage. Mashine za kutafsiri hazichelewi kuigeuza kuwa antena ya kinywaji, lakini hapa hakuna anayekunywa kitu. Harold Beverage alikuwa mhandisi Mmarekani, aliyezaliwa Maine mwaka 1893 na kufariki mwaka 1993, na hataza ya antena hiyo aliipata mwaka 1921. Desemba ya mwaka huohuo mpenzi wa redio Paul Godley alisimika moja huko Ardrossan, Uskochi, akawasikia wanaredio-ridhaa wa Marekani kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Waya wenyewe hauko juu sana, mita 2 au 3 tu kutoka ardhini, umenyooshwa kuelekea upande unaotaka kuusikiliza. Wimbi likisafiri juu ya ardhi duni, ya mchanga au mawe, miguu yake hubaki nyuma kidogo na kichwa kikatangulia. Mwinamo huo ndio unaoufanya waya ulale sambamba na sehemu ya wimbi, na ishara ikakua hatua kwa hatua hadi kwenye redio. Kwa kurusha matangazo antena hii haifai kitu, kwani nguvu nyingi hupotelea ardhini. Kwa kusikiliza, ina usikivu wa upande mmoja ambao antena fupi haiwezi kuupata.

Lakini waya gani ndio mrefu? Mzee wa kijijini aliyechomeka kipande cha waya kwenye redio yake na kukirusha juu ya mwembe atakwambia ana waya mrefu, na redio inashika vizuri. Kwa mhandisi, urefu hupimwa kwa wimbi. Kwenye kilohezi 1000 wimbi moja lina mita 300, kwa hiyo waya wa mita 20 bado ni mfupi mno, hata kama umevuka viwanja vya majirani wawili. Na hapa lugha yetu imejitegea mtego mwingine. Masafa ni umbali, kila mtu anajua hivyo. Watangazaji wakatupa masafa mafupi na masafa ya kati, wakikusudia urefu wa wimbi. Halafu vitabu vya shule vikalichukua neno hilohilo kutaja idadi ya mitetemo kwa sekunde. Sasa masafa mafupi ndiyo masafa ya juu, na ndiyo hayohayo yanayofika masafa marefu kuliko yote. Hakuna msikilizaji aliyewahi kupotea kwa sababu hiyo, nakiri, lakini mwanafunzi wa fizikia anastahili kuhurumiwa.

Turudi msituni. Mafundi wa umeme wana neno zuri, mkuza, yaani ule ukanda uliosafishwa ili laini au bomba lipite. Waliofuatilia habari za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani wanalijua vizuri, maana wapo waliohamishwa kupisha mkuza. Mkuza hufyekwa. Kule Ufini sheria inamruhusu mtu yeyote kutembea katika msitu wa mwenzake, ila haimruhusu kukata mti bila idhini ya mwenye ardhi. Basi mwenye antena hafyeki. Anapenyeza. Anatafuta mwanya baina ya shina na shina, na kama ana ruhusa anapogoa tawi moja linalosugua waya. Kufyeka, kupogoa, kupenyeza: vitenzi hivi vitatu vinaeleza mikataba mitatu tofauti baina ya mtu na msitu. Atakayeviweka vyote chini ya "kusafisha njia" atakuwa ameficha jambo ambalo hata mahakama ingetaka kulijua.

Baada ya kupenyeza kuna kulegeza. Lugha yetu haina huruma kwa ulegevu. Mtu mlegevu ni mzembe, fundo lililolegea ni la mtoto. Msituni mambo ni kinyume. Miti miwili haiyumbi kwa pamoja. Upepo ukija, mmoja huenda mashariki mwingine ukirudi magharibi, na waya uliokazwa baina yao hukatika. Kwa hiyo haufungwi kwenye mti. Huegeshwa kwenye kishikio cha plastiki kama vile vya uzio wa umeme wa mifugo, ukaachwa uteleze. Tawi la msonobari lililoelemewa na theluji likiubonyeza, waya unashuka, unavuta ulegevu kutoka hatua mia upande wa pili, na unabaki mzima. Kulungu wa Aktiki wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa huko, wana pembe pana. Waya ulioshuka kiasi hicho ukinaswa na pembe hizo, heri ukatike upesi kuliko kumbana mnyama. Kwa sababu hiyo wako wanaochagua waya mwembamba kwa makusudi.

Kosa kubwa la mgeni ni kuuzungusha waya kwenye shina. Mti unakua kwa unene. Mwaka wa kwanza gome linavimba pembeni mwa waya, midomo miwili inaanza kuufunika, na miaka michache baadaye hakuna waya unaoonekana. Unaingia upande huu na kutokea ule. Mti umeumeza. Ukitaka kuuokoa itabidi umjeruhi aliyekubebea mzigo, kwa hiyo watu hukata pande zote mbili wakaunga upya.

Kwa nyaya zinazopandishwa juu kabisa ya miti mirefu kuna mbinu nyingine: kamba hupitishwa kwenye kapi kileleni, na ncha yake ya chini hufungwa uzito unaopanda na kushuka mti unapoyumba. Dumu la maji latosha katika nchi ya joto. Kule Ufini lingeganda na kupasuka, hivyo hutumia jiwe. Nimeona watu wakihangaika kuandika "kamba ya kupandishia" na "gurudumu la juu". Nahodha yeyote wa Lamu au Pemba angewacheka. Kamba inayopandisha foromali ni henza, na kapi yake ni gofia. Ikiwa antena yenyewe ni foromali iliyohamia nchi kavu, ipo sababu gani ya kuiacha henza yake ufukoni?

Ukaguzi wa waya ni doria, hakuna jina bora. Wataalamu wavivu huanzia kibandani kwa kuupima waya na mita ya ohmu. Ncha ya mbali ina kipande kinachoungana na fimbo ya ardhini, mara nyingi cha ohmu kama 450. Mita ikionyesha idadi iliyo karibu na hiyo, waya ni mzima. Isiposoma kitu, umekatika mahali. Ikisoma kidogo mno, sehemu fulani imegusa ardhi, au waya usio na ngozi umelalia majani mabichi. Ndipo mtu anavaa viatu vya theluji.

Kipande hicho vitabu vinakiita kikinza, kinachopinga. Kwa kazi ya hapa jina linapotosha kidogo. Hakiko pale kulipinga wimbi bali kulipokea lililobaki lisirudi nyuma, ili antena isisikie pande mbili. Mafundi husema rezista, na safari hii nasimama nao. Radi ikipiga jirani, rezista ndiyo huungua kwanza, na kwa nje pengine hutaona hata doa. Wazoefu hutembea na za akiba mfukoni, za kaboni, kwa sababu zile zilizosokotwa kwa waya hugeuka koili na kuvuruga hesabu yote.