Kupata na Kupatana

Mpwa wangu alipomaliza kujaza fomu za kwenda Ujerumani, nyanya yake alimuuliza swali moja: "Sasa huko unakwenda kuwa yaya?" Binti akasita. "Si yaya, nyanya. Ni au pair." "Ndiyo nini hiyo?" Wote wawili wakanigeukia mimi, mjomba anayeshinda na makamusi, nami sikuwa na jibu. Tangu siku ile nalitafutia neno hilo mwenzake wa Kiswahili.

Au pair ni maneno mawili ya Kifaransa, hutamkwa "o pea", na maana yake ni "kwa usawa". Hapo mwanzo yalihusu makubaliano ya kupeana: wewe wanisaidia nyumbani, mimi nakupa chumba na chakula, hakuna anayemdai mwenzake. Mkataba wa Baraza la Ulaya uliotiwa saini Strasbourg tarehe 24 Novemba 1969 unasema kijana huyu si mwanafunzi wala si mfanyakazi, bali ana kundi lake la peke yake lenye sifa za wote wawili. Kazi zake zisizidi saa 5 kwa siku.

Sisi tuna nini? Tuna yaya, neno lililotufikia kwa bahari: Wareno walisema aia, India wakalipokea, nasi tukalipata huko. Ni neno zuri, ila tangu hapo lilikuwa la mtu aliyeajiriwa na wenye nacho. Tuna hausigeli, na wa Tanzania wana beki tatu, jina lililotoka kwenye uwanja wa mpira, ambalo sipendi hata kulisikia likitajwa mbele ya mwenyewe.

Na tuna dada wa kazi. Hili ndilo linalonisumbua. "Dada" linamwingiza binti katika undugu, kisha "wa kazi" linamtoa. Nimewahi kukaa katika nyumba ambayo watoto walimwita dada kutwa nzima: dada nifunge viatu, dada nipe maji. Usiku ulipoandaliwa wali mezani, dada alikula jikoni, amekaa juu ya kibao cha mbuzi, na kikombe chake cha bati kilikuwa na msumari wake ukutani, mbali na vikombe vya kabatini. Watoto hawakuona ajabu. Walikwisha kujifunza kwamba dada ni jina la kazi.

Nikajaribu methali. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Karibu nipige kelele kwa furaha, maana au pair ndiye huyo hasa: mgeni aliyepewa jembe. Lakini methali haisemi jembe litawekwa chini saa ngapi. Wajerumani wamesema: saa 30 kwa wiki, chumba chake mwenyewe, na euro 280 kwa mwezi, ambazo wao hawaziiti mshahara. Mimi ningeziita posho. Pale mipaka hiyo isipolindwa, usawa hubaki kwenye jina tu. Norwei iliufuta mpango wake wa au pair mwaka 2024, baada ya miaka ya malalamiko kwamba ulikuwa mlango wa kupatia vibarua wa bei rahisi.

Kuna jamaa yetu mmoja anayeishi Hamburg na mumewe, Mkenya kama yeye. Alitaka kumchukua mtoto wa dadake awe au pair wake. Haikuwezekana: kwa kanuni za kule, kama Kijerumani si lugha mama ya wenyeji, au pair asitoke nchi moja nao. Jamaa yetu alisikitika, kwani kwetu ndivyo tulivyofanya siku zote, binti wa shangazi aletwe mjini asome na asaidie kazi. Mimi nilifikiri juu ya mabinti wa shangazi niliowajua. Wengine walisoma kweli. Wengine waliosha vyombo mpaka wakaolewa, na kwa kuwa ni ndugu, hapakuwa na wa kumwuliza saa wala posho.

Ndipo nikaacha nomino nikaangalia vitenzi. Mama wa Mombasa au Dar es Salaam husema, "Nimepata dada." Kapata, kama mtu apatavyo nyumba ya kupanga. Lakini kitenzi hicho hicho kikiongezwa -ana kinakuwa kupatana, na hapo mmoja hatoshi tena. Kuchagua ni kwa mmoja; kuchaguana ni kwa wawili. Familia iliyomchukua mpwa wangu ilimwandikia barua kabla yeye hajawaandikia: watoto wao wanalala saa ngapi, mdogo anaogopa nini, chumba chake kina dirisha upande gani. Naye akawauliza, "Mezani nitakaa wapi?" Wakamtumia picha ya meza, yenye viti vitano. Wao ni wanne.

Kwa hiyo nimechagua "mgeni mlezi". Nilifikiria "mlezi mgeni", lakini katika Kiswahili nomino inayotangulia ndiyo mwenye nyumba, nami nataka ugeni utangulie, kwa sababu mgeni huonyeshwa pa kukaa kabla hajaonyeshwa jembe. Mlezi naye ni mtu wa heshima kwetu. Hata chama kikitafuta mtu wa heshima wa kukitunza humwita mlezi. Hakuna "wa kazi" hapo.

Nyanya alilirudia mara mbili kwa sauti, kisha akasema, "Basi aende." Wewe unayetafuta mtu wa kukaa na watoto wako, lijaribu neno hili kinywani mwako kabla hujamwita mtu. Na ukiwa na lililo bora, lilete. Nafasi yake kwenye daftari langu nimeiacha wazi.