Mwenye Mti na Mwenye Maji

Wageni waendao Italia siku hizi hawaridhiki na kutazama makanisa na sanamu peke yake. Wengi hupenda kuzuru mashamba, waonje mafuta ya zeituni mahali yanapokamuliwa, jibini mahali inapogandishwa, na malimau chini ya miti yake. Safari za namna hiyo ni njema, lakini ulimi humpa mgeni habari za utamu tu. Insha hii yakusudia kueleza habari nyingine, ambazo ulimi hauwezi kuzitoa, za kisiwa cha Sicilia, hasa za uwanda unaouzunguka mji wa Palermo, uitwao Conca d'Oro, yaani Kombe la Dhahabu.

Mgeni aingiapo shamba la malimau huko hupokewa kwanza na harufu ya maua, ambayo wenyeji huyaita zagara. Akiuliza habari za maji ataonyeshwa birika la mawe liitwalo gebbia, na mfereji uitwao saia. Maneno hayo matatu asili yake ni Kiarabu. Waislamu wa Afrika ya Kaskazini, Waarabu na Waberberi, walivuka bahari mwaka 827, wakautwaa mji wa Palermo mwaka 831. Katika zama zao miti ya malimau na machungwa machungu ilienea, na miwa pia, pamoja na elimu ya kumwagilia mashamba katika nchi ambayo kiangazi chake ni kikavu. Wanormani walipouteka mji mwaka 1072 watawala walibadilika, lakini mifereji ilibaki.

Katika baraza ya Roger wa Pili, mfalme wa Kinormani, mwanachuoni al-Idrisi alimaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154. Kitabu hicho chatuhusu sisi pia, maana kinataja Malindi na chuma cha pwani yetu. Nacho chaeleza kwamba huko Trabia, karibu na Palermo, kulitengenezwa tambi nyingi, zikapakiwa merikebuni kupelekwa Calabria na nchi nyingine. Basi kuuza chakula ng'ambo si jambo jipya kwa watu wa Sicilia.

Hata hivyo, faida kubwa ilikuja na limau. Mwaka 1747 tabibu James Lind alionyesha kwamba machungwa na malimau huponya kiseyeye, maradhi yaliyowaua mabaharia wengi. Na tangu mwaka 1795 mabaharia wa jeshi la Uingereza wakapewa maji ya limau. Katika karne ya 19 malimau ya Sicilia yalisafirishwa kwa wingi hata London na New York. Shamba la malimau likawa mali ya thamani, lakini mali dhaifu: mlimau hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa vema, hutaka maji wakati wa kiangazi, na shoka la usiku mmoja hutosha kuangamiza kazi ya miaka mingi.

Nguvu ya maji yaonekana wazi katika ufundi wa malimau yaitwayo verdelli. Mkulima huunyima mti maji mwanzoni mwa kiangazi hata majani yakanyauka, kisha huunywesha kwa wingi. Mti uliotishwa na kiu huchanua kwa haraka, na matunda yake huvunwa kiangazi cha mwaka ufuatao, wakati malimau ni haba sokoni na bei ni nzuri. Ikiwa kuzuia maji kwaweza kuutawala mti, kwaweza pia kumtawala mwenye mti.

Ndivyo ilivyokuwa. Dola mpya ya Italia, iliyotangazwa mwaka 1861, haikuweza kulinda mali za raia wa kisiwa hicho. Wenye mashamba wakaajiri walinzi. Na walinzi hao, pamoja na wagawaji wa maji, wakajifanya mabwana wa mabwana wao. Aliyekataa kulipa alikuta mfereji mkavu, au miti imekatwa, au alikutana na risasi. Leopoldo Franchetti, aliyekizuru kisiwa mwaka 1876, alistaajabu kuona mauaji mengi katikati ya bustani zenye harufu nzuri vile. Watu wengi hudhani kwamba Mafia ni mtoto wa umaskini. Lakini katika Kombe la Dhahabu ilinenepa kwa utajiri.

Katika miaka ya 1950 na 1960 bustani nyingi za Palermo ziling'olewa ili kujengwa nyumba, na Mafia ikashiriki faida hiyo nayo. Huko Corleone, Placido Rizzotto, kiongozi wa wafanyakazi aliyewasaidia wakulima kudai ardhi, alikuwa amekwisha kuuawa mwaka 1948. Lakini mwaka 1996 Italia ilitunga sheria ya kuzitumia kwa manufaa ya jamii mali zilizonyang'anywa wahalifu hao, na mwaka 2001 ukaanzishwa ushirika wenye jina la Rizzotto ili kulima ardhi ya namna hiyo. Miongoni mwa vyakula vilivyotokana na ngano ya mashamba hayo ni tambi, chakula kile kile alichokitaja al-Idrisi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa mashamba haya haifikii siku ya tatu. Huondoka na chupa yake ya mafuta na kapu lake la malimau. Kwa kuwa jembe hapewi, basi na asimame kitambo kando ya birika la mawe, aulize ni nani afunguaye maji, na ni nani awezaye kuyafunga.